Vinara wa Ziwa: Tanga, Kafi na Kumbukumbu za Ukoo kutoka Bukoba hadi Muleba

Kagera ina sifa zinazotajwa kila mara: kahawa, ndizi, senene, shule kongwe. Sifa zake za majini hutajwa kwa nadra, ilhali mji wa Bukoba umejengwa ufukweni kabisa, na Wilaya ya Muleba ina kata nzima, kama Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga, ambazo huwezi kufika bila kupanda chombo. Watoto wa huko huzoea kukaa kwenye mtumbwi kabla ya kukaa kwenye dawati.

Hapa tumekusanya yaliyo makubwa, marefu, ya kwanza na ya haraka kuliko mengine katika maisha ya vyombo vidogo vya Ziwa Victoria, na mikusanyiko inayovileta pamoja. Mengi ya haya yaliandikwa na wageni waliokuwa wakipita. Ya wenyeji yamebaki vinywani mwa wazee, na kila tunapomzika mzee mmoja yanapungua. Ndiyo maana tunasema mapema: rekodi za mitumbwi ni mali ya familia, na familia ndizo zitakazoziokoa.

UWANJA MKUBWA KULIKO YOTE

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ni ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, na kwa maziwa yenye maji baridi ni la pili duniani kwa eneo, nyuma ya Superior la Amerika Kaskazini. Takriban nusu yake imo Tanzania. Sehemu inayobaki ni ya Uganda na Kenya. Uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayetweka tanga Bukoba anasafiri juu kuliko vilele vya vilima vingi vya pwani.

Kwa kina, hata hivyo, si ziwa la kutisha. Sehemu yenye kina kirefu zaidi ina mita zipatazo 80, wakati Ziwa Tanganyika linashuka hadi mita 1,470. Kinachowatesa mabaharia ni mawimbi yake. Upepo huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama wima na yanayofuatana kwa karibu, na mtumbwi haupati nafasi ya kupanda wimbi la pili kabla halijauvamia. Nahodha aliyezoea bahari akija huku inambidi ajifunze upya.

Rekodi nyingine ni ya nyumbani kabisa: mto unaoliingizia ziwa hili maji mengi kuliko mito mingine yote ni Kagera, ambao mkoa umechukua jina lake. Hata hivyo sehemu kubwa zaidi ya maji ya ziwa, yapata asilimia 80, hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake.

MTUMBWI MREFU KULIKO YOTE ULIOPIMWA

Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alipima mtumbwi wa watu wa Visiwa vya Sese, kaskazini mwa Bukoba, upande ambao leo ni Uganda. Aliandika kuwa ulikuwa na urefu wa futi 72, yaani mita 22 hivi, na upana wa futi 7 na inchi 3. Ulikuwa na viti vya wapiga kafi 64, mbali na mshika usukani. Hao ni watu wa kujaza basi la Bukoba hadi Dar es Salaam.

Linalostahili kustaajabiwa zaidi ya urefu ni namna ulivyoundwa. Mitumbwi ya Sese haikuwa na msumari hata mmoja. Fundi alianza na mkuku, gogo refu lililochongwa kwa tezo, kisha akapandisha mbao pembeni na kuzishona kwa nyuzi za mimea kupitia matundu madogo yaliyotobolewa kando ya kila ubao. Matundu yalizibwa kwa nyuzinyuzi ili maji yasipenye. Omo ilichomoza mbele kama shingo, na mara nyingi ilipambwa kwa pembe za mnyama. Chombo cha kushonwa hunyumbulika wimbi linapokipiga, na mishono ikilegea fundi huifungua na kuishona upya bila kutupa mbao.

Kazi hiyo ilifundishwa na baba kwa mwana na mjomba kwa mpwa, bila mchoro wala futi kamba. Upande wa Kagera, Wahaya wa kale walimwomba mungu wao Mugasha kwa mambo ya ziwa, mvua na dhoruba, na chombo kipya hakikuteremshwa majini kama kitu cha kawaida. Kilikuwa shughuli ya nyumba nzima.

MKUSANYIKO MKUBWA KULIKO YOTE

Mwaka huohuo wa 1875, Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda alikusanya mitumbwi yake kwenda kupigana na watu wa Buvuma. Stanley, aliyekuwapo, alihesabu mitumbwi 325, mikubwa kwa midogo. Ilikuwa safari ya vita na damu, hivyo hatuitaji kwa kuishangilia. Inafaa kukumbukwa kwa sababu inaonyesha uwezo uliokuwapo: ziwa hili liliwahi kuweka mamia ya vyombo vya kafi mahali pamoja, kila kimoja na mpigangoma au mwimbishaji wa kuwapa wapiga kafi mwendo mmoja.

Buganda haikuacha utaratibu huo ufe. Ukoo wa Mmamba, wenye mwiko wa samaki kamongo, ndio uliotoa Gabunga, mkuu wa mitumbwi ya Kabaka. Hadi leo ufalme huo huandaa mashindano ya mitumbwi ambamo koo hushindana, na Mmamba husifika kwa ushindi. Mtoto akiuliza kwa nini mtumbwi fulani unashangiliwa na bibi yake, jibu ni fupi: huo ni wetu. Hapo ndipo mashindano yanapokuwa kumbukumbu ya familia. Wahaya nao wana koo zenye miiko na historia, na wana ziwa hilohilo.

JAHAZI LA MSWAHILI WA ZAMANI

Kabla ya karne ya 19 ziwa hili lilikuwa la kafi. Tanga lililetwa na watu wa pwani waliofuata njia za biashara kutoka Bagamoyo na Tabora. Miongoni mwao alikuwa Songoro, mfanyabiashara aliyejiwekea makazi upande wa kusini wa ziwa. Stanley alipofika mwaka 1875 alimkuta akiunda jahazi, mbali kabisa na bahari, kwa mbao za huko na kwa maarifa ya mafundi wa pwani. Ni miongoni mwa majahazi ya mwanzo kabisa kujulikana ziwani.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Desemba 1877 Songoro aliuawa Ukerewe pamoja na wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi na mtawala wa kisiwa. Ujuzi wake haukuzama naye. Tanga la pembetatu linalofungwa kwenye foromali limebaki ziwani hadi zama za injini. Kitambaa chake kimebadilika tu, kutoka marekani ya pamba hadi maturubai na mifuko ya sandarusi iliyoshonwa kwa mkono.

SAFARI YA TANGA ILIYOSIMULIWA ZAIDI

Rekodi ya kuzunguka ziwa zima iliyoandikwa kwanza ni ya siku 57. Tarehe 8 Machi 1875 Stanley aliondoka Kageyi, upande wa Mwanza, kwa mashua iitwayo Lady Alice. Ilikuwa ya mbao za mwerezi, urefu wa futi 40, na ilitengenezwa Uingereza kwa vipande ili wapagazi waweze kuibeba kutoka pwani. Vitabu husema Stanley alizunguka ziwa. Ukweli ni kwamba walioshika makasia, tanga na usukani walikuwa mabaharia 11 waliotoka naye pwani. Rekodi hiyo ni ya kwao kwa haki.

Kisa kikubwa cha safari kilitokea Bumbire, kisiwa kikubwa cha Muleba, tarehe 28 Aprili. Wenyeji waliivuta mashua hadi nchi kavu na kuchukua makasia. Baada ya saa kadhaa za mvutano, mabaharia waliisukuma mashua majini kwa nguvu, wakapanda, wakang'oa mbao za sakafu na kuzitumia kama kafi. Mtu yeyote aliyewahi kupiga kafi anaweza kuipata picha hiyo mikononi mwake: ubao bapa usio na mpini, kingo zinakata viganja, maji yanacheza miguuni, na nyuma mitumbwi inafuata.

Agosti mwaka huo Stanley alirudi na mitumbwi na bunduki, akaua watu wengi wa Bumbire waliokuwa ufukweni. Kitabu chake kilisomwa Ulaya na Marekani, na kisiwa hicho kikajulikana kwa maneno ya mtu mmoja aliyekishambulia. Watu wa Bumbire nao wana upande wao, na ni aibu kwetu kwamba haujawahi kupata wasomaji wengi kiasi hicho.

UPEPO WA KUTEGEMEWA ZAIDI, NA DHORUBA KALI ZAIDI

Ukisimama mwalo wa Nyamukazi, Bukoba, kabla ya jua kuchomoza, upepo unakupiga mgongoni. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hewa ikateremka kutoka miinuko kuelekea ziwani. Ifikapo mchana mambo yanageuka: nchi inapata joto, na upepo unavuma kutoka ziwani kuja pwani. Kwa mwenye tanga huo ni msaada wa bure mara mbili kwa siku, kwenda na kurudi, na ndiyo saa ya wavuvi tangu zamani.

Upepo huohuo una upande wake mbaya. Usiku hewa kutoka pande zote za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa juu ya maji yenye joto, ikapanda na kuwa mawingu ya radi. Pepo za mashariki husukuma mawingu hayo kuja magharibi, yaani kwetu. Ndiyo sababu Bukoba hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kuliko yote Tanzania, na mara nyingi hunyesha alfajiri. Ndiyo sababu pia dhoruba hatari zaidi humkuta mvuvi wa dagaa usiku, taa zikiwa zinaelea na nyavu zikiwa majini.

Wazee wa visiwani huwafundisha watoto mambo hayo kwa ishara: wingu jeusi linalosimama upande wa mashariki, ndege wanaokimbilia pwani, utulivu wa ghafla. Elimu hiyo ni rekodi isiyo na medali, na imeokoa watu wengi.

MASHINDANO YENYE UMATI MKUBWA ZAIDI

Kwa kizazi cha sasa cha Kanda ya Ziwa, mashindano ya mitumbwi yaliyovuta watu wengi ni yale yaliyodhaminiwa na bia ya Balimi. Yalikuwa na hatua za awali katika vituo kama Bukoba, Musoma, Ukerewe, Mwanza na Kigoma, na washindi walikutana Mwanza kwa fainali. Wanaume walikuwa na mashindano yao na wanawake yao, na hilo la pili lilikuwa jambo kubwa kuliko zawadi. Kwa mara ya kwanza binti alimwona mama yake akivaa fulana ya timu, akishika kafi na kuitwa bingwa kwa kazi ambayo siku zote aliifanya bila kusifiwa, kuvusha ndizi, kuni na watoto.

Nje ya ziwa, tanga bado lina uwanja wake. Tamasha la Utamaduni la Lamu, pwani ya Kenya, hukusanya mashua za visiwa vya huko kwa mbio za tanga. Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza Zanzibar mwaka 1998 na kujulikana zaidi kwa filamu, nalo limekuwa na mbio za majahazi na ngalawa. Kule Lamu mtu hujifunza jinsi chombo kidogo kinavyobeba tanga kubwa kupita kiasi: mabaharia hutoka nje kwenye ubao uliolazwa upande wa upepo, mmoja nyuma ya mwingine, wakiegemea hewa ili mashua isilale. Nahodha akibisha, wote hurudi ndani mbio, wakahamisha ubao na mifuko ya mchanga, wakatoka upande wa pili. Anayechelewa anaoga.

Wenye mashua hizo ni kaka, binamu na majirani wa mtaa mmoja, na jina la mashua hurithiwa hata baada ya mbao za kwanza kuoza. Kagera haina tamasha la tanga la namna hiyo, na haijakosa chochote cha kulianzisha. Upepo wa mchana upo, Kisiwa cha Musira kipo mbele ya mji kama boya la kuzungukia, na Desemba wana wa Kagera hurudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi.

CHOMBO CHA AJABU ZAIDI KUPITA ZIWANI

Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, waliteremsha majini Flipflopi, jahazi la kwanza duniani lililoundwa kwa plastiki iliyorejelezwa. Lina urefu wa karibu mita 10, na ubavu wake wenye rangi nyingi umefunikwa kwa ndala zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Victoria, likatoka Kisumu na kupitia Uganda hadi Mwanza, likihubiri habari za taka zinazoua maji.

Fundi Skanda alitumia ufundi wa kurithi kwenye malighafi ambayo babu zake hawakuijua. Wanaosema ujuzi wa vyombo vya mbao umepitwa na wakati wamepata jibu lao hapo.

WA KWANZA KUFIKA

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani, karibu na uwanja. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokolewa na 19 walifariki. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Walitoa watu, wakafunga kamba, wakavuta pamoja na wananchi waliojaa ufukweni. Hakuna mashindano ya mitumbwi Bukoba yaliyowahi kuwa na maana kubwa kama dakika zile.

Msiba mkubwa zaidi wa ziwa upande wetu ni wa tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. Karibu kila ukoo wa Bukoba na Muleba una jina la kutaja. Baada ya siku ile wazazi wengi walijitenga na maji, na watoto wao wakakua kando ya ziwa bila kujua kuogelea. Hofu hiyo ina haki yake, lakini hailindi mtu. Mkusanyiko mzuri wa vyombo vidogo unaweza kulinda: jaketi okozi kwa kila anayepanda, watoto kufundishwa kuelea kwenye maji mafupi, nahodha kuonyesha hadharani jinsi anavyosoma wingu na kuahirisha safari bila kuona haya.

REKODI ZINAZOSUBIRI KUANDIKWA

Nani alivuka kutoka Goziba hadi bara kwa tanga kwa muda mfupi kuliko wote? Mtumbwi upi wa Kerebe umefanya kazi miaka mingi zaidi? Nani ni fundi mwanamke wa kwanza kushona tanga Ikuza? Familia ipi ina vizazi vingi zaidi vya manahodha? Majibu yapo. Ukikaa na babu wa Muleba akiwa na kahawa ya kutafuna mkononi, atakwambia bila kusita, na atataja upepo wa siku ile na aliyekaa tezi.

Kumbukumbu ya mtoto huanza na kazi ndogo. Anapewa dumu lililokatwa nusu na kuambiwa achote maji yanayoingia. Anachota akiwa amepiga magoti kati ya miguu ya baba na kapu la ndizi za bibi, mgongo umelowa, na kila akitazama juu anaona tanga limejaa na shangazi anacheka. Miaka 40 baadaye, akiwa Dodoma au Toronto, atasahau mtihani wa darasa la saba na bado atakumbuka uzito wa dumu lile.

Basi tufanye jambo lililo rahisi. Kila mwalo una kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ambacho tayari hushughulika na orodha za vyombo. Kiongezewe daftari moja la rekodi: jina la chombo, fundi aliyekiunda, aina ya mbao, urefu uliopimwa mbele ya mashahidi, majina ya manahodha wake kwa kufuatana, safari iliyosifika na hali ya hewa ya siku hiyo. Shule za kata za visiwani ziwape wanafunzi kazi ya kuwahoji babu na bibi zao na kuleta majibu kwa maandishi. Halmashauri za Bukoba na Muleba zitenge siku moja ya Desemba, mchana upepo unapotoka ziwani, kwa mbio za tanga na za kafi zinazoshindanisha koo, vijiji na visiwa, wanawake kwa wanaume, na matokeo yaandikwe kwenye daftari hilohilo.

Familia zisisubiri halmashauri. Desemba hii, wajukuu wakiwa wamejaa nyumbani, mzee aulizwe jina la mtumbwi wa kwanza aliowahi kupanda na nani aliyeuunda. Mmoja aandike, mwingine arekodi kwa simu, na nakala ipelekwe mwaloni.